Na Wewe, Bwana, Ni Nani?

Sebule ile ilikuwa na mlango mmoja tu, unaotokea kwenye ngazi, na mlangoni alikaa Shangazi. Madirisha yalikuwepo, tena makubwa, lakini Baba alikuwa fundi mapazia, na nyumba ya fundi mapazia haina dirisha linaloonekana. Kila ukuta aliutundikia kitambaa kizito chenye bitana, ili wateja wakipanda juu kutoka dukani wajionee kazi kwa macho yao. Mwanga uliingia humo kwa kubembeleza, na hewa nayo hivyo hivyo.

Humo ndimo Kidoti alimokulia. Jina alilopewa alipozaliwa lilikuwa limebaki kwenye vyeti tu. Alikuwa na doa dogo jeusi juu ya mdomo, na doa hilo ndilo lililompa jina la mtaani, la shuleni na la nyumbani. Mama yake alifariki angali mchanga, akalelewa na Shangazi, dada mkubwa wa Baba. Mchana alishona mapazia dukani chini. Jioni alipanda juu kujifunza Kifaransa, kwa sababu alikuwa anaolewa.

"Tena," alisema Mwalimu.

"Je m'appelle Kidoti."

"Maana yake?"

"Naitwa Kidoti."

"Vizuri. Et vous, mademoiselle, qui êtes-vous? Na wewe, bibie, ni nani?"

Kidoti alitazama meza. "Sijui. Leo nijibu lipi? Mimi ni fundi mapazia, au ni mke wa mtu nisiyemjua?"

"Jibu la fundi mapazia," alisema Mwalimu, na sauti yake ikashuka. "Lile jingine tusubiri mpaka kesho."

Kesho ndiyo siku yenyewe. Rafiki wa Baba wa tangu ujana alihamia ng'ambo zamani, akaoa huko, akazikwa huko. Kabla hawajaachana, wawili wale waliahidiana kwamba watoto wao wataoana, na Baba alikuwa mtu wa ahadi ni deni. Mtoto wa yule rafiki sasa alikuwa mhandisi, na kila mtu alimwita Mhandisi, hata Kidoti, ambaye alikuwa amemwona kwenye picha tu, amevaa kofia ya kazini. Mama yake Mhandisi hakujua Kiswahili hata cha kuombea maji. Alikuwa ameomba kitu kimoja tu: siku atakayokuja kumwona mkwe, asikie mkwe anajitambulisha kwa lugha yake.

Baba akaenda kumtafuta mwalimu. Akampata kijana mmoja mrefu, mpole, mwenye shati moja zuri na mwavuli, aliyekuwa akifundisha Kifaransa kwenye darasa la jioni la watu wazima.

"Usimjaze mengi," Baba alimwambia siku ile ya kwanza. "Ajue kujitambulisha yeye, na kututambulisha sisi. Basi. Mengine atafundishwa na mumewe."

Na Mwalimu alikuwa mwaminifu wa kazi kupita kiasi. Kwa wiki zote zile alimfundisha Kidoti kusema huyu ni baba yangu, huyu ni shangazi yangu, huyu ni mgeni wetu, huyu ni mchumba wangu. Voici mon père. Voici ma tante. Voici notre invité. Voici mon fiancé. Hakuna somo lililokuwa na neno la kukataa wala la kuomba msaada. Baba alipopanda kusikiliza maendeleo, alikaa kwenye kochi lake, akafumba macho, na kila binti yake alipomaliza sentensi alipiga makofi. Hakuelewa hata neno, lakini alipiga makofi kwa moyo wote.

Mapenzi yenyewe yalianzia mdomoni. Kifaransa kina sauti fulani ambayo mtu hawezi kuitoa mpaka akunje midomo kwa mbele, na Mwalimu alimwambia Kidoti aikunje kama anayepuliza chai ya moto. Kidoti akaikunja. Mwalimu akaitazama ile midomo, akalitazama lile doa, akasahau alichokuwa anafundisha.

"Huo mdomo," Shangazi alisema kutoka mlangoni, bila kuinua macho kwenye pindo alilokuwa akishona, "unakunjwa kwa ajili ya somo au kwa ajili ya mwalimu?"

Tangu siku ile hawakuthubutu kutazamana ila kwa zamu. Mmoja akiangalia kitabu, mwingine anaangalia mtu. Mlango ulikuwa wazi muda wote wa masomo, kwa amri ya Baba, lakini wazi gani huo? Katikati yake kilikaa kigoda, na juu ya kigoda alikaa Shangazi na sindano yake. Kuku asingepita. Neno lao la kwanza la mapenzi walilisema Shangazi akisinzia, na la pili na la tatu vilevile. Mwalimu alimwambia Kidoti kwamba anampenda. Kidoti akamjibu kwamba yeye alishampenda tangu kwenye chai ya moto. Basi, yakawa ndiyo hayo, ya kunong'ona kwenye chumba kisicho na dirisha.

Na jioni hii ya mwisho masomo yalikuwa yamekwisha. Kidoti aligeuka kumtazama Shangazi. Kidevu cha bi mkubwa kilikuwa kimeangukia kifuani, sindano imesimama kwenye kitambaa.

"Umesema na Baba?" Kidoti alinong'ona.

"Bado."

"Bado? Wageni wanakuja kesho, wewe uko kwenye bado?"

"Kidoti, nisikilize. Mzee amenifungulia mlango wake. Amenipa heshima, amenikalisha na binti yake. Leo nigeuke nimwibie?"

"Kwani mimi sufuria, niibiwe?"

Mwalimu alitaka kucheka, akashindwa. "Nikisema leo, nafukuzwa leo. Hata hiyo kesho sitakuona."

"Na usiposema, utaniona mpaka lini? Utakuja kesho kututafsiria, utakunywa chai, halafu utanisindikiza uwanja wa ndege unipungie mkono? Au utanitafsiria mpaka ndoa?"

"Nina nini mimi? Nina kamusi na mwavuli. Yule ni mhandisi."

"Nilikuomba ghorofa?" Machozi yalikuwa yameshamlenga, na alichukia kwamba yamemlenga. Alikunjua kiganja chake juu ya meza, karibu kabisa na mkono wa Mwalimu, bila kuugusa. "Haya. Kama huwezi kusema wewe, nifundishe mimi. Nifundishe neno moja tu. Sitaki. Kwa Kifaransa, sitaki husemwaje?"

Mwalimu aliutazama ule mkono, akatazama mlango, akafunga kitabu polepole.

"Hilo," alisema hatimaye, "si neno la kujitambulisha."

Kidoti alimwangalia kana kwamba amemwagiwa maji. Hakujua kama ni woga au ni uaminifu. Kwa wakati ule vyote viwili vilikuwa na sura moja. Aliuvuta mkono wake, akauficha chini ya meza.

"Mbona mmehamia Kiswahili?" Shangazi alisema kutoka mlangoni, macho bado yamefumba. "Mwenye nyumba ameagiza Kifaransa."

"Tumemaliza, Shangazi," alijibu Kidoti. "Mwalimu anaondoka."

Ilibidi Shangazi ainuke ili Mwalimu apite. Alipopita, bi mkubwa alirudi kukaa pale pale.

Asubuhi yake Kidoti alisimama juu ya stuli, Shangazi akimpimia pindo la gauni jipya. Lilikuwa la kitambaa cha mapazia, kile cha bei, ambacho Baba alikikata mwenyewe kwa mkono wake akiimba. Lilimkaa vizuri sana. Kidoti alijitazama kwenye kioo, akaona pazia limepata kichwa.

"Shangazi, wewe uliolewaje?"

"Kwa kufumba macho," alisema Shangazi, pini mdomoni. "Nilipoyafumbua, nilikuwa nimeshachelewa. Geuka."

Kidoti aligeuka. "Baba ananipenda?"

"Mno. Ndiyo maana hakuulizi. Akikuuliza, ataogopa jibu." Akachomeka pini ya mwisho. "Unajua utakachosema leo?"

"Nakijua chote kwa kichwa."

"Basi usiniulize mimi. Mdomo ni wako. Kazi yangu mimi ni kukaa mlangoni."

Wageni walifika alasiri. Mama yake Mhandisi alikuwa mwembamba, nywele zake za mvi amezikata fupi, na alimpa kila mtu mkono kwa mikono yake miwili. Mhandisi mwenyewe alikuwa kijana safi, mwenye adabu, na Kiswahili chake cha kuokoteza alichorithi kwa baba yake kilimtosha kusema shikamoo na asante, akizichanganya. Hakuwa na ubaya wowote. Kidoti alimtafutia ubaya kwa udi na uvumba, maana ingekuwa nafuu, akaukosa. Alichokiona ni kwamba Mhandisi alikaa pembeni kabisa mwa kochi, akizungusha simu mkononi, na kila mama yake alipomtupia jicho aliinyoosha shingo kama mwanafunzi.

Mwalimu alisimama kando ya pazia la katikati, mahali Baba alipomwonyesha. Shati lake zuri alikuwa amelipiga pasi. Kidoti alimwangalia mara moja tu. Macho ya mwenzake yalikuwa mekundu, na kwa hilo alimhurumia, na kwa kumhurumia akajikasirikia.

Shangazi alikuwa mlangoni, kwenye kigoda chake. Baba alimwomba aje kukaa kwenye kochi na wageni.

"Hapa nimeshazoea," alisema Shangazi, akatoa sindano.

Chai ikanywewa. Baba alizungumzia marehemu rafiki yake, akacheka, akafuta macho, na Mwalimu akatafsiri kicheko na machozi yote. Kisha Baba akakaa wima.

"Haya, mwanangu. Tutambulishe."

Kidoti alisimama. Lile gauni lilikuwa zito mabegani. Aliona mapazia pande zote, aliona Shangazi ameuziba mlango, aliona uso wa Baba uliojaa fahari mpaka ukamtia huruma. Alitafuta kichwani neno lolote la kumtoa pale, akakuta yale yale tu aliyofundishwa.

"Je m'appelle Kidoti," alisema.

Baba akapiga makofi. Mama yake Mhandisi akatabasamu, naye akapiga.

"Je suis couturière. Yaani mimi ni mshonaji." Akamnyooshea Baba kiganja. "Voici mon père."

Makofi. Baba aliinamisha kichwa kama anayevishwa nishani.

"Voici ma tante."

Shangazi aliinua sindano kidogo juu, ndiyo salamu yake. Makofi.

Sasa ilikuwa zamu ya Mhandisi. Walikuwa wamelifanyia mazoezi mpaka Baba mwenyewe alijua mkono utaelekea wapi. Kidoti alikielekeza kiganja kwa Mhandisi.

"Voici notre invité," alisema.

Baba akapiga makofi. Mama yake Mhandisi aliinua mikono apige naye, ikaishia hewani.

Kidoti hakungoja. Aligeuka, gauni likageuka naye, na kiganja chake kikaelekea kwenye pazia la katikati.

"Et voici mon fiancé."

Baba alipiga makofi kuliko yote, kwa kuwa alijua hilo ndilo la mwisho. Alipiga, akapiga, halafu akagundua kwamba anapiga peke yake.

Kikombe cha mgeni kilitua kwenye kisosi. Mhandisi aliacha kuzungusha simu. Mwalimu alikuwa ameganda, mkono mmoja umeshika pazia.

"Kuna nini?" aliuliza Baba. "Amekosea? Mwalimu, amesema nini? Tafsiri."

Mwalimu alilishika pazia kwa mkono wa pili pia.

"Mwalimu, nakuuliza."

Kidoti alimtazama. Safari hii hakumtazama kwa zamu, alimtazama mbele za watu wote, waziwazi, na kwa macho yale alimwomba kila kitu. Alikuwa amemaliza maneno yake. Alibaki amesimama katikati ya chumba amenyoosha mkono kwa mtu asiyesema, na aliona aibu ikimpanda kuanzia miguuni. Akasema moyoni, kumbe nimejifungia mwenyewe na ufunguo nimeumeza.

"Amesema yule kijana kwenye kochi ni mgeni wetu," ilisema sauti kutoka mlangoni. "Na huyu aliyeshika pazia ndiye mchumba wake."

Wote waligeuka. Shangazi alikuwa anashona, wala hakuinua kichwa.

"Dada!" Baba alisema. "Wewe Kifaransa umekijulia wapi?"

"Hapa mlangoni. Si wewe uliyeniweka?"

"Lakini ulikuwa unasinzia!"

"Macho yalikuwa yanasinzia. Masikio sikuyapa ruhusa."

Kidoti alihisi damu yote imemkimbilia usoni. Chai ya moto. Sufuria. Kamusi na mwavuli. Yote yale yalikuwa yamepita juu ya kile kigoda, na Shangazi hakuyatoa kwa mtu.

"Atakuwa amechanganya," Baba alisema, karibu kwa kubembeleza. "Ni mwanafunzi tu, maneno yamempotea. Waambie, Dada, amechanganya."

"Hajachanganya, mdogo wangu. Nimesikia masomo yote mimi. Neno hilo hakuwahi kulikosea hata siku moja."

Mama yake Mhandisi alikuwa akimtazama mmoja baada ya mwingine. Hakuhitaji mkalimani tena. Nyuso zilikuwa zimeshamtafsiria. Akajigeuza polepole kwenye kochi, mpaka akawa anakabiliana na Mwalimu.

"Et vous, monsieur," aliuliza, bila ukali. "Qui êtes-vous?"

Kidoti alilijua hilo swali neno kwa neno. Ndilo aliloulizwa jioni ya kwanza kabisa, na kila jioni baada ya hapo, na Mwalimu. Alikuwa amelijibu akiwa amechoka, akiwa anacheka, akiwa na machozi. Haikuwahi kumjia hata mara moja kumgeuzia mwenyewe.

"Anauliza nini?" Baba alisema.

"Anamuuliza yeye ni nani," Shangazi alisema. "Swali jepesi. Ni la siku ya kwanza."

Mwalimu aliliachia pazia. Kidoti aliitazama midomo yake, akajikuta anaikunja ya kwake kama anayepuliza chai, kumsaidia, kama yeye alivyomsaidia.

"Je suis son fiancé, madame," alisema Mwalimu.

Kisha akafanya jambo ambalo Kidoti alilikumbuka miaka yote iliyofuata. Alimgeukia Baba, akapiga hatua mpaka mbele ya kochi, na akalisema tena kwa Kiswahili, taratibu, ili asije mtu akalipigia makofi kwa kutoelewa.

"Mzee, mimi ni mchumba wake. Nampenda. Nilipaswa kukwambia mimi, na kabla ya leo. Nimemwachia mzigo huo peke yake, na kwa hilo nakuomba radhi. Kwa kumpenda sitaomba."

Baba alionekana amezeeka hapo hapo kwenye kochi.

"Nilikufungulia mlango wangu," alisema.

"Ndiyo, mzee."

"Na wewe." Akamgeukia Kidoti. "Mbona hukuniambia?"

"Hukuniuliza, Baba."

Mhandisi aliinama, akamnong'oneza mama yake maneno mengi kwa haraka, mengi kuliko yote aliyosema tangu aingie. Mama yake alimsikiliza. Halafu akamshika mwanawe goti, akaitikia kwa kichwa, na Kidoti akamwona yule kijana akishusha pumzi kama naye ametuliwa mzigo na kuegemea kochi kwa mara ya kwanza tangu afike.

"Nitamwambia nini marehemu?" Baba alisema, kama anayejisemea. "Nilimwahidi."

"Marehemu hajaja," Shangazi alijibu. "Aliyekuja ni mjane wake, na anaonekana ana la kusema. Msikilize."

"Sitaki kusikiliza mtu!" Baba alisimama. Sauti ilimpanda ghafla, nayo ilikuwa na maumivu zaidi ya hasira. "Mtu hatoki humu ndani. Mtu hatoki mpaka nielewe nyumbani kwangu kunaendelea nini! Dada, funga mlango!"

Kidoti alifumba macho. Alilijua hilo neno. Alikuwa amelisubiri maisha yake yote.

Alisikia sindano ikichomekwa kwenye kitambaa. Alisikia Shangazi akiguna, kama anavyoguna kila akiinuka, kwa sababu ya magoti. Alisikia miguu ya kigoda ikikwaruza sakafu, halafu kimya. Mlango haukulia.

Akafumbua macho. Shangazi alikuwa amesimama wima, kigoda amekishika mkononi.

"Mlango uko wazi kwa amri yako, mdogo wangu," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa nauziba."

Akakipeleka kigoda chake ukutani, mbali na mlango, akakaa. Na kwa mara ya kwanza tangu masomo yaanze, Kidoti aliziona ngazi.